Mheshimiwa Azindua Kitengo cha Futi

(Hotuba nzima ya Mkurugenzi Mkuu wa Uratibu wa Mipango, kama ilivyonukuliwa na karani wa kikao, aliyeagizwa asiache hata kikohozi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi kwa kukaimu. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Maandalizi. Makatibu, Manaibu Katibu, Makaimu wa Manaibu Katibu, na wale wote ambao bado wanasubiri barua zao za kukaimu. Viongozi wa dini mliofika na mlioleta udhuru. Wadau wa maendeleo. Wataalamu wa afya mliokaa kule nyuma, juani, kwa moyo wa kujitolea. Mke wangu mpenzi, mama watoto, uliyeketi safu ya mbele, na ambaye nakuomba uache kunipungia mkono kwa sababu nimeshakuona. Na ninyi hasa, mama zangu, baba zangu, mashangazi, wajomba na ndugu zangu wenye ugonjwa wa sukari, ambao ndio wenye shughuli: itifaki ikiwa imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa ichukuliwe kuwa imezingatiwa, nawasalimu nyote.

(Makofi. Mke wa Mheshimiwa anaendelea kupunga mkono, sasa akionyesha chini, miguuni kwa Mheshimiwa.)

Ndugu wananchi, kabla sijaingia kwenye hotuba yenyewe ningependa kutoa maelezo ya awali, na kabla ya maelezo ya awali nitoe usuli kwa kifupi, kwa sababu mradi mkubwa kama huu mtu akiuingia ghafla unaweza kumpa kizunguzungu, na hapa tuna watu waliokuja na kizunguzungu chao tayari. Mimi ni mwenzenu. Msinione nimevaa suti mkadhani sukari inaogopa suti. Ninayo, mwaka wa kumi na moja huu, na nimeibeba kizalendo, kimyakimya, bila kwenda kuisumbua zahanati hata siku moja. Nimesimama mbele yenu tangu saa tatu, nikakagua gwaride la wasaidizi wangu, nikazunguka banda zima kusalimia, nikapanda ngazi za jukwaa hili mara mbili kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari mara ya kwanza, na yote hayo nimeyafanya kwa viatu vipya kabisa, vya ngozi, vya ncha, vilivyotoka dukani jana jioni. Je, nimelalamika? Sijalalamika. Nimechechemea? Sijachechemea. Nawaambia ukweli wa Mungu, kuanzia hapa kwenye kifundo kushuka chini sisikii chochote, na huu ni mwaka wa pili sisikii chochote. Uongozi, ndugu zangu, ni uvumilivu.

(Wasaidizi wanapiga makofi kwa muda mrefu. Wagonjwa hawapigi, wanatazamana. Muuguzi wa zahanati, mama wa makamo, anasimama kule nyuma na kusema kwa sauti: "Mheshimiwa, huo si uvumilivu. Hiyo ni ganzi. Sukari ikikaa inaua mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anakanyaga kitu chenye ncha na hana habari. Mwaka huu nimesindikiza watu wanne kwenda kukatwa miguu, na wote wanne walianza kwa kuniambia hawasikii chochote. Naomba uvue viatu tuangalie.")

Ahsante sana mama muuguzi kwa mchango wako, lakini kwa mujibu wa ratiba, michango ni kipengele cha kumi na nne na sasa tuko kipengele cha sita, na mimi si mtu wa kuruka vipengele. Karani, andika kwamba mchango umepokelewa na utafanyiwa kazi.

(Umepokelewa.)

Sasa nije kwenye jina la mradi, kwa sababu nimesikia minong'ono mitaani, na minong'ono hiyo inanifikia, msidhani hainifikii. Watu wanauliza kwa nini tunaita Mpango Mkakati Shirikishi, Jumuishi na Endelevu wa Kujitunza Futi, kwa nini isiwe kujitunza miguu kama wanavyosema watu wa kawaida. Nitawajibu kitaalamu. Andiko la mradi liliandikwa kwa Kizungu, nami, kwa uchungu nilionao na lugha yetu, nikakataa kumpa mfasiri, nikakaa nalo mwenyewe wiki tatu. Wazungu hawa wana neno lao kwa sehemu ya chini na neno jingine kwa sehemu ya juu. Sisi tunasema mguu tu. Mguu unaanzia wapi? Unaanzia nyongani. Sasa niambieni, nyinyi ambao hamjawahi kuandaa bajeti, ningewezaje kuomba fedha za kuanzia nyongani wakati mfadhili ameidhinisha kuanzia kifundo? Ndipo nikaona lile neno la Kizungu tunalo sisi tangu enzi, mafundi wote wanalitumia, tena limeshazoeleka hata kwa watoto wa shule: futi. Nikaandika futi. Kila mahali, kurasa mia mbili na nne, futi. "Mgonjwa ajikague futi zake kila siku." "Mgonjwa apewe kifaa cha kukagulia futi." Andiko likapita bila swali hata moja, jambo ambalo katika historia ya kurugenzi yetu halijawahi kutokea.

(Mzee mmoja fundi viatu, aliyekaa safu ya tatu akiwa amenyoosha mguu wa kushoto wenye bandeji, anacheka mpaka anakohoa. Kikohozi kimenukuliwa.)

Cheka tu mzee wangu, lakini usisahau kusikiliza matokeo, maana sisi hatuongei maneno, tunaongea takwimu. Afisa ugavi alipolipata andiko alitekeleza kwa kasi ya ajabu, na ndani ya wiki moja tukapokea futi kamba elfu nne, za chuma, za kujikunja zenyewe, kila moja na kasha lake. Zikagawiwa. Tukaendesha zoezi la upimaji kwa siku arobaini, ambapo wagonjwa elfu moja mia mbili na kumi na saba walipimwa futi zao zote mbili, isipokuwa wale waliobaki na futi moja, ambao kwa busara ya kamati walipimwa mara mbili ili takwimu isipungue. Na tukagundua jambo zito. Ndugu wananchi, shikeni viti. Wastani wa futi ya mgonjwa wetu ni inchi tisa na robo tatu. Futi kamili, kama mnavyojua, ni inchi kumi na mbili. Yaani asilimia mia moja ya wagonjwa wote waliopimwa wana futi isiyotimia futi! Upungufu wa inchi mbili na robo kwa kila futi, ambao ukiujumlisha unapata futi mia nne hamsini na sita, urefu wa kutoka jukwaani hapa mpaka stendi ya mabasi. Hizo ndizo futi ambazo taifa linazipoteza kimyakimya huku watu wamekaa vijiweni wanaulizana kwa nini maendeleo hayatembei.

(Msaidizi mmoja anapiga makofi peke yake, anaacha.)

("Mheshimiwa," anasema muuguzi, bado amesimama, "mimi niliomba vioo vya mkononi, mtu aweze kuona chini ya unyayo wake bila kujikunja. Niliomba chachi, dawa ya kusafishia vidonda, vikata kucha, na ule uzi wa nailoni wa kumgusia mgonjwa kidoleni tujue kama anasikia. Nililetewa futi kamba mia tatu. Juzi mama mmoja kajikata nayo.")

Na mama huyo aliyejikata tumemwingiza kwenye takwimu za wanufaika, kwa sababu mradi umemgusa moja kwa moja. Mama muuguzi, nakuheshimu sana, umri wako ni wa dada yangu mkubwa, lakini ukisimama kila mara utachoka. Kaa. Mimi ndiye niliyezoea kusimama.

(Sauti ya fundi viatu: "Mheshimiwa! Samahani, baba, mimi si mtu wa kuingilia wakubwa. Lakini hicho kiatu cha kulia kina kasoro. Kisigino kimepigwa msumari mrefu kuliko soli, na umetokeza ndani. Tangu umeanza kutembea hapo juu nasikia mlio wake, hicho cha kushoto kinasema ko, hicho cha kulia kinasema ti-ko. Miaka thelathini nashona viatu, siwezi kukosea mlio. Vua, baba. Mimi mwenyewe vidole viwili nimeviacha hospitali kwa staili hiyohiyo, jiwe dogo tu ndani ya buti, nikashinda nalo siku nzima.")

Mzee wangu, viatu hivi vina risiti. Kama vingekuwa na msumari ningeusikia, na nimeshawaambia sisikii kitu. Naona mnataka tu kuvigusa. Tuendelee.

Katika mafanikio, nisipowataja wenzangu nitakuwa mchoyo wa fadhila, lakini muda hautoshi kwa hiyo nitajitaja mimi. Nimeongoza semina elekezi kumi na saba. Nimehudhuria warsha tisa za kujengewa uwezo, mbili kati ya hizo katika nchi zenye baridi kali ambako nilipata fursa ya kujifunza kwa vitendo umuhimu wa soksi. Tumeunda kikosi kazi, na kikosi kazi kimeunda hadidu za rejea, na hadidu za rejea zimeunda kikosi kazi kingine. Na ili kuepusha mwingiliano wa majukumu, kile kitu wataalamu wanaita duplikesheni, mwezi uliopita nilisaini mwenyewe waraka wa kukifunga chumba cha kufungia vidonda pale zahanati, kwa maana haiwezekani serikali ikawa na mahali pawili pa kufunga kidonda kimoja. Kuanzia siku ile, kidonda chochote cha mguu, samahani, cha futi, kinasubiri Kitengo hiki kinachozinduliwa leo.

(Minong'ono. Mama mmoja safu ya nne: "Ndiyo maana nimekaa na hiki changu wiki ya tatu, nafunga na kanga!" Mwingine: "Nyamaza, atakuongeza kwenye takwimu.")

Mnaona? Mahitaji yapo. Hiyo ndiyo tunaita demandi. Na sasa, kwa kuwa mimi ni kiongozi wa vitendo, nitashuka hapa kwenye zulia nije karibu yenu kidogo, msije mkaniona mbali, niwaonyeshe mfano wa mwananchi anayejitunza.

(Mheshimiwa anashuka kutoka kwenye zulia jekundu na kutembea kwenye sakafu ya saruji, kwenda na kurudi, mara tatu. Kila anapokanyaga kwa mguu wa kulia inabaki alama nyekundu ya kisigino. Watu wanasimama ili waone. Mke wake amejishika kichwa.)

Msishangae hizo alama. Ni zulia. Nilimwambia afisa ugavi asinunue zulia la bei ya chee, linachuja rangi. Afisa ugavi, tutaonana ofisini.

("Zulia!" anasema fundi viatu. "Kiatu cha kushoto mbona hakichujiwi?")

Tafadhali, tafadhali. Utulivu. Tuna kipeperushi hapa kilichoandaliwa na mama muuguzi, ukurasa mmoja tu, ambacho kwa kweli kinatia aibu kwa ufupi wake, hakina hata orodha ya vifupisho, lakini kwa kuwa sisi ni shirikishi nitakisoma na kukitolea ufafanuzi. Anasema: "Kila siku, asubuhi au jioni, angalia miguu yako yote, juu, chini, na katikati ya vidole, ukishindwa kuona, mwombe wa nyumbani kwako akuangalie." Ufafanuzi: zoezi hili linaweza kukaimishwa. Anasema: "Osha kwa maji ya uvuguvugu, na uyapime kwanza kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu, kwa maana mguu hautakuambia ukweli." Hapo sina ufafanuzi. Anasema: "Kausha vizuri katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini, ila katikati ya vidole usipake. Kata kucha kwa kunyoosha. Sugu usiikwangue kwa wembe. Usitembee peku hata ndani ya nyumba." Ufafanuzi: sisi viongozi tulishaacha kutembea peku zamani. Anasema: "Viatu vipya vaa saa moja tu kwa siku mpaka vikuzoee, na kabla ya kuvaa kiatu chochote, kikung'ute, kisha ingiza mkono ndani upapase, kwa sababu mkono..."

(Mheshimiwa anasoma mstari huo tena, bila sauti, midomo ikicheza.)

"...kwa sababu mkono wako bado unasikia." Naam. Ni ushauri mzuri. Ni wa jumla. Hauwezi ukamhusu kila mtu kwa wakati wowote. Tuendelee na ahadi.

Awamu ya kwanza, tutaleta mfumo wa kidijitali ambapo mgonjwa atapiga picha unyayo wake akautuma kwetu, nasi ndani ya siku tisini za kazi tutamjibu kwamba tumeupata. Awamu ya pili, kila kaya itapata kioo, na pale kioo kitakapokosekana, kaya itapata waraka unaoelezea kioo. Awamu ya tatu... awamu ya tatu... msaidizi, mbona kijasho kinanitoka, zima hiyo taa.

(Hakuna taa. Mke wa Mheshimiwa amemfuata pale aliposimama, kiti chake cha plastiki mkononi.)

Mama watoto, protokali.

("Protokali utaivaa mguuni?" anasema mke wake. "Keti, baba watoto. Asubuhi kila siku nakuambia lete nyayo niziangalie, unaniambia una kikao. Leo nimekuta tone kwenye kigae cha bafuni, nikakufuata mpaka kwenye gari, ukafunga kioo. Sasa hapa hakuna kioo cha kufunga. Keti.")

Ndugu wananchi, nimeombwa na mdau niketi, na kwa kuwa sisi ni serikali sikivu, nitaketi, lakini hotuba inaendelea. Kipaza sauti ninacho. Mama muuguzi, karibu, lakini ijulikane kwamba hii ni sehemu ya maonyesho. Mguu juu! Nikisema Futi zetu, mnasema Fahari yetu. Futi zetu!

("Fahari yetu," wanasema wachache. Muuguzi amepiga magoti na kuanza kufungua kamba za kiatu cha kulia. Fundi viatu amesogea na fimbo yake, amekishika kisigino cha kiatu ili kitoke bila kuvutwa. Soksi ilikuwa nyeupe.)

Naona mmenyamaza. Mimi siwezi kuona kutoka hapa, mama muuguzi kanikingia. Mpiga picha, picha hiyo usipige. Mbona mmenyamaza jamani? Mzee wangu, wewe uliyekuwa unacheka, sema kitu basi.

("Msumari upo, baba," anasema fundi viatu. "Sentimita nzima. Lakini hili tundu la leo si tatizo. Kuna kidonda kingine pembeni yake, cha zamani. Hicho hakikuletwa na kiatu hiki.")

("Ni cha kama mwezi," anasema muuguzi. "Kimeingia ndani. Harufu imeshaanza. Mama, wewe mkewe, tafadhali mpe kioo chako cha pochi, ajionee mwenyewe.")

(Mheshimiwa anakipokea kioo. Anakishika chini ya unyayo wake kwa muda mrefu. Kipaza sauti kiko magotini.)

Huu ni wangu?

("Ni wako.")

Lakini sisikii. Mama muuguzi, gusa tena. Umegusa? Umegusa kweli? Ndugu zangu, ameniambia amegusa, naona kidole chake kimeingia pale, na mimi nasikia upepo tu usoni. Mimi nimesimama hapa nawaringishia. Mwaka mzima nawaringishia watu ofisini, nikipanda ngazi nawaambia vijana oneni mzee wenu. Samahani. Karani, hiyo usiandike.

(Imeandikwa.)

("Sikiliza, Mheshimiwa," anasema muuguzi. "Bado hujachelewa, ila kesho si leo. Kinatakiwa kioshwe sasa hivi kwa dawa, nyama iliyokufa itolewe, kifungwe kwa chachi safi, upimwe sukari, uanze dawa, na usikanyagie mguu huu. Ukiupatia huduma leo na kila siku kwa wiki kadhaa, mguu unabaki. Ukizunguka na ratiba zako, tutaongea habari ya kifundo. Hospitali kubwa ni mwendo wa saa tano kwa gari. Kwangu zahanati chumba kimefungwa kwa waraka wako na vifaa vilichukuliwa vikaletwa Kitengoni. Mimi mkononi nina kipeperushi na futi kamba.")

(Kelele kutoka kila upande: "Si Kitengo hicho hapo nyuma!" "Mwingizeni ndani!" "Kata utepe, mpite!" Mama mwenye kidonda cha wiki tatu ameshika mkasi wa uzinduzi. Vijana wanne wamekinyanyua kiti cha plastiki na Mheshimiwa juu yake.)

Nishusheni. Jamani, nishusheni kwanza. Kiti kitavunjika. Msiuguse utepe huo, mama, nakusihi, wewe ni kama shangazi yangu, usiukate. Nishusheni nimalizie hotuba. Hotuba haiwezi kuishia katikati, ina kipengele cha shukrani, na kwenye shukrani ndipo palipo na maelezo yote.

(Wanamshusha. Mke wake amemshika bega.)

Futi zetu! Semeni basi. Hakuna? Miguu yetu!

("Miguu yetu," wanasema watu, kwa sauti ya chini.)

Kwa kumalizia, nawashukuru nyote kwa kufika kwenu. Nawashukuru Kamati Ndogo, ambao waliniambia tangu mwanzo kwamba fedha ziliishia kwenye semina, nami nikawaambia watu hawatajua. Namshukuru afisa ugavi, ambaye vile vifaa vya zahanati alivihifadhi mahali salama kiasi kwamba sasa hivi hakuna ajuaye ni wapi. Nawashukuru madaktari watano walioorodheshwa kwenye ratiba, ambao ni binamu zangu na hawajawahi kusomea udaktari, wamekubali tu kuazimwa majina. Mama muuguzi, wewe sijui nikushukuruje, kwa hiyo naomba tu usiuachie mguu wangu, endelea kuushika hivyohivyo mpaka gari lije, maana ukiuachia sitajua kama bado upo. Waraka wa kukifunga chumba chako naufuta sasa hivi, hapa hapa, mbele ya watu, karani andika na saa, ingawa najua kwamba chumba kisicho na chachi hakitafunga kidonda cha mtu, changu wala cha shangazi huyu.

Na mwisho kabisa namshukuru fundi rangi. Watu wengi wamemsahau, lakini kazi ya wiki nzima ni yake. Ndugu zangu, nyuma ya huo utepe hakuna jengo. Ni ukuta wa uwanja wa mpira. Yeye ndiye aliyetuchorea lile bango la Kitengo, yale madirisha mawili yenye mapazia, na ule mlango wenye kitasa, na ameuchora vizuri, hodari kweli yule kijana, ameupa hadi kivuli, mpaka hata mimi niliyemwagiza nimekaa hapa nautazama natamani ufunguke.